Karo

Mzungu alipomwita Karo
mimi nilisikia ada ya shule.
Kumbe kwao ni mpenzi, na pia ni ghali.
Hayo niliyajua baadaye, na yote mawili ni kweli.

Machi alirudi kwao, akaniachia
funguo saba za nyumba ya Kasuarina,
gunia la chakula, na mbwa.
Masika yakaingia. Gunia likaisha.
Mbwa akaanza kujikuna.

Lindoni nilimsikia kuliko bahari:
mguu wa nyuma ukigonga sakafu, ko, ko, ko,
kama fundi asiyelipwa kwa siku.
Wahenga walisema mwenye upele hana kucha.
Huyu kapewa upele, kapewa na kucha,
na hapo ndipo palipoharibika.

Tumboni, pasipo manyoya, vipele vyenye kichwa cheupe.
Vikipasuka vinaacha duara,
ukingo wa magamba, katikati peusi.
Manyoya yakitoka kwa vishungi mkononi.
Na harufu: samli iliyochacha, kitambaa kilichonyimwa jua.

Kila mtu ana dawa ya mbwa wa mwenzake.
Baya wa bodaboda alileta oili chafu kwenye chupa ya soda.
Hiyo nilikataa.
Shemeji yangu Nzai alileta sifa, ya maini ya papa,
nami nikampaka Karo kichwa hadi mkia.
Asubuhi sifa zake zimeenea hadi barabarani,
ngozi imevimba,
na nzi wamewahi kabla ya muadhini.

Bi Fathia Shekuwe wa ofisi ya mifugo
alifika kwa pikipiki, buibui kalifunga fundo kando.
Hakuuliza mbwa ni wa nani.
Aliuliza: ilianzia wapi? Anakula nini? Analala juu ya nini?
Akakwangua ngozi kwa wembe mpaka damu ikachungulia,
akapaka kwenye kioo chembamba, akaenda nacho.

Jioni akapiga simu.
"Utitiri hakuna. Ni bakteria, wale wale wa kila siku,
wapangaji wastaarabu, hukaa barazani mwa ngozi miaka yote.
Viroboto walitoboa ukuta, yeye akaupanua kwa kucha,
wapangaji wakahamia vyumba vya ndani.
Muogeshe kwa sabuni ya dawa mara mbili kwa wiki.
Povu likae dakika kumi. Uhesabu, usikisie.
Vidonge asubuhi na jioni, wiki tatu,
na ukimwona amepona, wiki moja tena.
Na huo mkeka wake, choma."

Nimesahau kusema: alipokuwa akiondoka
Karo alimlamba kifundo cha mkono, juu ya glavu.
Akaniomba udongo.
Udongo mara moja, maji mara sita,
bila haraka, bila kinyaa,
na kila akijimwagia anamwambia mbwa, "Pole, mwanangu."

Siku ya kumi na mbili ngozi ilikuwa kavu.
Siku hiyo hiyo Mbeyu alirudishwa nyumbani na barua.
Nikavitazama vidonge vilivyobaki,
nikavifunga kwenye karatasi, nikamuuzia mfuga kuku wa Muyeye.

Wiki haikupita mara mbili,
vichwa vyeupe vimerudi, vimeleta na jamaa zao.
Bi Fathia hakunigombeza. Alisema tu,
"Uliwafunza vita, halafu ukawapa likizo."

Tukaanza upya.
Mbeyu, kwa kuwa yuko nyumbani,
ndiye aliyeshika sikio la Karo wakati wa povu,
akimsomea jedwali la saba kwenda na kurudi
mpaka dakika kumi ziishe.
Mbwa alitulia kama anayesahihisha.

Manyoya yalirudi kijivu kwanza,
kama vumbi la kinu cha posho begani mwa mtu,
ndipo yakakumbuka rangi yao.

Daftari la nyumbani anaandika Mbeyu, ana mwandiko.
Mwisho wa mwezi mke wangu alilifungua,
kidole kikashuka: unga, mafuta, taa,
kikasimama.
*Karo, elfu mbili na mia nane. Bado.*
Akaniinulia macho:
"Ipi?"